Mnara Nyuma ya Jiko la Mama Yako

Nyumba ileile, chumba cha mbele,
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa mpwa wangu Chiriku,

Kuna jambo nimekuficha tangu ukiwa mtoto, nalo linahusu ule mnara wa nafaka uliowatoa kwenu. Nitalifikia. Adabu kwanza: hujambo? Mumeo na watoto hawajambo? Baridi ya huko imepungua, au bado mnalala na soksi?

Mimi ni mzima wa mdomo tu. Miguu imenisusa, na kifua kinapiga filimbi bila kuombwa. Muuguzi hupita asubuhi. Ananiita Bwana Mkubwa, kisha ananiamrisha kama mtoto wa chekechea. Akiondoka, anayezungumza humu ni redio, nami huijibu. Juzi nilimbishia msoma taarifa mpaka nikapaliwa.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema kiwanda cha unga kinataka kusimamisha mnara wa pili, mrefu kuliko wa kwanza, na kamati ya mipango miji itaupitia mwezi ujao. Kwa kuwa kiwanja bado ni chenu, umeniomba nikakusemee kama nilivyomsemea mama yako. Tena umesema ukipata likizo utakuja kuniuguza. Mwanangu, hilo la pili nimelisoma mara nyingi kuliko nilivyomeza dawa. Ila sistahili kulipokea kabla hujajua habari ya lile la kwanza.

Kazi yangu ya pale mipango miji unaijua. Kila aliyetaka kujenga kitu kirefu, liwe bomba la moshi au tangi, alipita kwangu. Kanuni ilikuwa nyepesi: kikae mbali na mpaka wa jirani kwa kadiri ya urefu wake, ili kikianguka kiwaangukie wenyewe. Nafasi ikipungua, jirani huulizwa. Akikataa, basi.

Mnara ule ulipungukiwa nafasi. Ungeanguka, ncha yake ingefika katikati ya jiko lenu. Nilipomwambia mama yako alicheka, akasema basi atatega sufuria, nafaka iingie yenyewe. Kisha akaacha kucheka. Akasema hataki, na niende nikamsemee, maana kaka ndiye mdomo wa dada. Nilipaswa kujitoa, jirani akiwa ndugu yangu wa tumbo moja, lakini ofisini waliniamini kuliko rula.

Kamati ilikuja kukagua. Tulisimama vumbini, kofia ngumu kichwani kama uyoga. Mama yako alikuwa jikoni. Aliniona kupitia dirisha, akaninyanyulia mwiko. Mwenyekiti akaniuliza, "Jirani ana neno?"

Nikasema, "Hana neno."

Yaliyofuata unayakumbuka. Jua likawa linaondoka uani kwenu kabla nguo hazijakauka. Makapi yakaingia hadi kwenye mashuka, na zile feni za mnara zikavuma usiku na mchana. Mama yako akawa anawaambia wageni kwamba kaka yake alipigana mpaka jasho likamtoka, ila wakubwa ni wakubwa. Nami nikamimina chai kwenye kisahani nipate pa kuangalia.

Niliwaambia mje mkae kwangu, chumba kipo tayari, kimepakwa rangi ile ya samawati uliyoipenda. Mama yako alilia kwa shukrani. Lakini baba yako akapata kazi huko mbali, mkaondoka wote. Niliwasindikiza, nikarudi, nikafunga mlango wa chumba kile. Haujafunguliwa ila kwa kufagia.

Usidhani nilihongwa. Hata soda ya kiwanda sikunywa.

Kwa hiyo neno lako usinipe mimi nilibebe. Iandikie kamati mwenyewe, sema nafasi haitoshi, dai waje wapime mbele ya mtu wako. Na likizo yako itumie utakavyo. Usipokuja, nitaelewa, wala sitamwambia muuguzi kwamba nilikuwa nakungoja.

Nisalimie mumeo na wale mapacha, pamoja na wifi yako yule ambaye kicheko chake hutangulia kuingia ndani. Ukifika kaburini kwa mama yako, mpe salamu, lakini barua hii usimsomee. Nitamweleza mwenyewe, wala si siku nyingi. Mungu akupe afya, na majirani wanaoulizwa wakajibu wenyewe.

Limebaki moja. Mke wangu alipofariki, nyumba hii iliniwia kubwa mno. Nilikuwa nikija kwenu nasikia kelele zako na vijembe vya mama yako, kisha narudi huku kusikiliza bomba likidondosha maji. Nilimjua dada yangu: hakuwa mtu wa kuhama kwake bila kusukumwa.

Chumba kile nilikipaka rangi kabla kamati haijaja.

Akupendaye, ukinisamehe na usiponisamehe,
Mjomba