Mama, Baba Amehitimu

Mama mpendwa,

Baba amehitimu. Yale mafunzo ya wanaume wanaopiga wake zao, ambayo hakimu alimwamuru ahudhurie katika ukumbi wa kanisa pale Nyakoe, yamekwisha. Siku ya mwisho walipewa soda. Jumamosi wazee wa ukoo watakuja huko Nyamarambe kwa mjomba kukuomba urudi, na watakuambia amepona. Nimeona nikuandikie kabla hawajafika.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitutuma mboga? Ukisikia tu baba akifungua lango, unasema, "Mshike mdogo wako mkono, mkachume managu." Tulichuma hata yaliyokuwa hayajakomaa. Nilikuwa mtu mzima kabla sijaelewa kwamba sufuria haikuhitaji mboga zote zile.

Mshauri wa mafunzo alifika kwetu Magwagwa kuuliza kama baba amebadilika. Aliwauliza baba mdogo na mzee wa kijiji. Wewe hakukutafuta. Wote wawili walisema tangu aanze mafunzo hajampiga mtu. Ni kweli. Ulikuwa umeshaondoka, angempiga nani, ng'ombe?

Lakini si haki kusema hakujifunza kitu. Wiki iliyopita nilikwenda kumpikia. Nilipika chinsaga, zile mboga chungu anazozipenda, ila nilikuwa na haraka, nikazipakua bila kuziacha zilale na maziwa hadi ukali uishe. Alionja, akasukuma sahani. Nikajikuta nimeshafika mlangoni, mimi mwanamke mwenye watoto wangu. Akainuka, akanipita, akaenda kuzunguka kwenye shamba la majani chai akivuta pumzi, kama walivyomfundisha. Nilifurahi, Mama. Zamani sahani ile ingekuwa ukutani.

Kisha akarudi, akaketi, akanitazama.

"Umeona? Sijakupiga."

Alikuwa akingoja nimshukuru. Nikamshukuru. Nikachukua sahani, nikasema asante.

Mafunzo yameushika mkono wake, na hilo si jambo dogo. Lakini bado anaona kutopigwa ni zawadi anayokupa. Wazee hawatakuambia hivyo, kwa sababu hata wao ndivyo wanavyoona. Nyumba ni yako, na siwezi kukuamulia. Wakija wape chai, uwasikilize hadi mwisho.

Mimi nakuomba ubaki huko huko.

Nisalimie mjomba.

Binti yako mkubwa