Baba Mkwe Ataketi Wapi Katika Gari Letu Jipya?

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisaidie kuchagua gari, na tafadhali usinitume kwa fundi, kwa sababu mafundi nimeshawauliza, majibu yao ninayo yote, na bado ninachotafuta sijakipata.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Endebess, naishi Kitale na mtoto wetu mmoja, na kazi yangu ni kupima mbegu za mahindi kabla hazijapakiwa, yaani kutazama zilizoota na zilizokataa, kwa hiyo kulinganisha vitu ni tabia ninayorudi nayo hata nyumbani. Mume wangu, Derrick, ni Mbukusu, kwao ni chini kidogo ya Cheptais, naye anafanya kazi ya visima huko Lodwar na huja mwisho wa mwezi. Tuna Demio, gari dogo la chini, ambayo imetufaa, lakini mvua ikinyesha haiwezi ile njia ya udongo mwekundu ya kwenda kwao, tumbo lake linagonga mawe, na tumekubaliana kuiuza tununue gari la familia lililoinuka, lisiwe kubwa. Yadi moja ya magari hapa mjini imetushikia mawili mpaka Derrick arudi, Forester ya viti vitano, ambayo ni chaguo lake, na Outlander ya viti saba, ambayo ni chaguo langu.

Nimeyalinganisha kwa haki. Yote mawili yanavuta kwa magurudumu manne, yote mawili yanapita juu ya mawe yanayoishinda Demio, mafuta kwa mwendo wangu wa pole hayatapishana sana, spea za yote mawili zinapatikana Eldoret, na kwa vipimo hivi vyote sina sababu ya kumpinga mume wangu, hasa kwa kuwa tuko watatu tu. Akinipigia simu huniuliza, "Viti saba vya nani, Chep? Unanunua gari ama unanunua kanisa?" Mimi humjibu kwamba tutazaa. Naye hucheka, "Basi tungoje wazaliwe, bana. Forester ni gari ya mlima." Nami hucheka, tunakata simu, na ukweli unabaki kwangu.

Ukweli ni kwamba vile viti viwili vya mwisho ni vya baba yake.

Baba mkwe ana kisukari na kidonda mguuni, na kidonda hicho kinatakiwa kusafishwa kila Ijumaa kwenye kliniki moja Bungoma. Ijumaa mimi sina zamu, na katika familia, Derrick akiwa Lodwar, mwenye leseni ni mimi peke yangu, kwa hiyo ikakubaliwa kwamba nitakuwa nikimpeleka. Siku ya kwanza, mwezi wa Januari, mzee alitoka nyumbani amevaa koti lake la kanisani, mama mkwe akamfungulia mlango wa mbele ili mguu upate nafasi, akamwambia, "Ingia, Baba Derrick, mtoto ametoka mbali." Mzee akashika mlango, akatazama kile kiti, akanitazama mimi kidogo tu, akatazama bendeji yake, kisha akasema, "Hii gari ni ndogo, mama. Nitaenda na boda." Boda haikuitwa. Alirudi ndani. Mama mkwe akaja upande wangu, akainama dirishani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Si unajua mambo yetu, mwanangu. Mwache tu. Derrick akiuliza, sema tulienda."

Mambo yao nayajua, kwa sababu nilifundishwa kabla ya harusi na wanawake watatu waliokaa nami siku nzima. Mkaza mwana hapeani mkono na baba mkwe, haketi karibu naye, na mzee akiingia sebuleni mimi huhamia jikoni. Kwetu Endebess baba yangu huwasalimia wake za kaka zangu kwa mkono na kuwauliza chai imefika wapi, kwa hiyo haya mengine nimeyashika kama mtu aliyejifunza lugha ukubwani, naogopa kukosea kuliko wenyewe. Kiti cha mbele cha Demio na kiti cha dereva vinakaribiana kiasi kwamba nikibadilisha gia kiwiko changu kingegusa koti lake. Hilo nililiona papo hapo, hata kabla hajasema neno.

Tangu siku hiyo Derrick akiuliza mimi husema, "Tulienda." Mzee amekosa kliniki nyingi kuliko alizohudhuria, na alizohudhuria alikwenda kwa bodaboda, mguu umechomoza nje kwenye vumbi. Juzi muuguzi alimwambia mama mkwe kwamba kidole kimoja kimeanza kuwa cheusi, na kwamba mambo yakiendelea hivi watakata, na hawataishia kidoleni.

Baada ya kusikia hayo nilienda yadi peke yangu. Muuzaji, anaitwa Kimotho, alikunja kiti cha katikati cha Outlander, nikajipenyeza, nikaketi safu ya tatu, magoti yakanijia karibu na kifua. Nikamwomba akae kwenye usukani, nikatazama kisogo chake, na kilikuwa mbali, mbali vya kutosha, kati yetu kuna safu nzima ambayo mama mkwe angeweza kuketi akawa ukuta. Kimotho akaniambia kupitia kioo, "Madam, huko nyuma ni kwa watoto. Ama mbuzi wa Krismasi." Nikamwambia nampimia mtu mzima. Akasema, "Amekukosea nini huyo mtu mzima?" Hata baba yangu mzazi, ambaye goti lake linamsumbua na angepaswa kuelewa, nilipomdokezea alisema, "Si ununue trakta, yeye akae kwa trela."

Wanacheka kwa sababu hawajui kilichobaki, nami nitakuandikia wewe kwa kuwa hunijui. Siku ile mzee aliporudi ndani na mlango ukafungwa, nilishusha pumzi. Niliendesha hadi Chwele nikiwa mwepesi, na nilipofika Kamukuywa ndipo nilipokumbuka kwamba kuna mguu unaooza, na nikashangaa kwamba wepesi ulikuja kwanza. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwa hakika kama viti hivyo viwili nimevichagua ili apande, au ili akipanda nisimwone.

Nikimwambia Derrick sababu ya viti saba, nitakuwa nimemwambia pia kwamba nimekuwa nikimdanganya tangu Januari, na kwamba mama yake amekuwa akimdanganya pamoja nami. Nisipomwambia, atanunua Forester, na nadhani baba yake hataingia. Anafika Jumamosi hii. Nichague gari gani?

Ni mimi,
Mpima mbegu, Kitale
(Majina niliyotumia si yetu.)

*

MSHAURI ANAJIBU

Mpima mbegu,

Barua yako nimeiweka mbele ya nyingine zote kwa sababu ya ule mguu. Gari peke yake lingengoja foleni.

Pole, kwanza. Umeolewa kwenye mila ambayo hukuinyonya na maziwa ya mama, mumeo yuko mbali, na umeachiwa kubeba mgonjwa ambaye hata salamu yake huruhusiwi kuipokea kwa mkono. Si mzigo mdogo. Sasa nisikilize.

Umepima mafuta, mawe, spea na umbali wa kisogo. Kitu kimoja hukukipima, nacho umekiandika mwenyewe bila kukiona: ulijipenyeza. Wewe, mwenye miaka ishirini na tisa na miguu miwili mizima, ulilazimika kukunjiwa kiti na kujipenyeza. Haya, mweke mzee pale. Kiti kinakunjwa, anainama na koti lake la kanisani, anapandisha mguu wenye kidonda, anakwama, anageuka, na sehemu anayoikalia inamwelekea mke wa mwanawe aliyesimama akishikilia mlango. Hiyo ndiyo heshima uliyokuwa unamnunulia? Kisha akae magoti kifuani mpaka Bungoma, mguu umekunjwa, wakati muuguzi yeyote angekuambia mguu kama huo unataka kunyooshwa. Kimotho alikuuliza swali zuri sana na wewe ukafikiri ni mzaha.

Kwa hiyo safu ya tatu isahau. Hakuna gari dogo la familia ambalo safu yake ya tatu ilitengenezwa kwa ajili ya mzee mgonjwa.

La pili. Unaandika kana kwamba unajua kwa nini alikataa. Hujui. Mama mkwe amekisia, wewe umekisia juu ya kisio lake, na kwa makisio mawili unataka kununua gari. Inawezekana ni mila. Inawezekana pia ni harufu. Kidonda cha kisukari kinanuka, binti yangu, na mwenye nacho ndiye wa kwanza kuisikia. Mwanamume aliyevaa koti la kanisani ili atoke anaweza kuona aibu kuketi ndani ya kigari chenye vioo, pembeni ya mkaza mwana, na mguu unaonuka. Umesema alitazama kiti, akakutazama, akatazama bendeji. Mimi sikuwepo. Lakini kama sababu ni hiyo, hata ukimnunulia basi la shule atakataa, mpaka kidonda kisafishwe na kufungwa upya kabla hajatoka nyumbani, kazi ambayo mama mkwe anaweza kuelekezwa na muuguzi wa zahanati iliyo karibu.

Usiende kumuuliza wewe. Wala usimtume Derrick, maana baba hatamwambia mwanawe jambo kama hilo. Mzee hakosi dada. Hukumtaja, lakini sijaona boma la Wabukusu lisilo na senge, yaani shangazi, asiyeogopa mtu. Mpigie simu leo, mwite Senge kama unavyopaswa, mwambie mguu uko hatarini, na umwombe aende kwa kaka yake akamuulize maswali mawili: kwa nini hukuingia, na ungependa kuketi wapi. Yeye ana haki ya kuuliza na hata ya kugomba. Kama ni mila, yeye na wazee wenzake ndio wanaojua inalegezwa vipi mtu anapougua, kwa sababu wagonjwa walikuwepo kabla ya magari. Wewe umeishika sheria kwa nguvu kuliko waliokufundisha, kama wafanyavyo wageni wote wenye adabu.

La tatu, pumzi uliyoshusha. Usijifanyie kesi. Mila hiyo iliwekwa makusudi ili wewe na yeye mpate nafasi ya kupumua katika boma moja, kwa hiyo ulipopumua ilikuwa inafanya kazi yake. Kosa lilikuja baadaye, kwenye simu, uliposema "Tulienda" ukijua hamkwenda, ukasema tena wiki iliyofuata, na tena. Hapo sikuhurumii. Mama mkwe alikuomba uongo wa siku moja kwa sababu alikuwa na haya. Wewe uliufanya desturi kwa sababu ulikufaa.

Sasa kazi. Ijumaa hii usingoje gari jipya. Demio inatosha, nawe usiiendeshe. Mama mkwe amtafute mtu mwenye leseni katika kanisa lake, mtu mzima anayeheshimika, nawe umpe ufunguo. Mzee aketi nyuma peke yake, mguu umenyooshwa juu ya kiti chote na mto chini yake, dirisha wazi, mama mkwe mbele na dereva. Wewe baki jikoni kwake, safisha masufuria, pika. Mvua ikinyesha, gari lingoje kwenye lami na mzee aletwe hadi hapo. Akikataa hata hivyo, ndipo utakapojua kwamba tatizo halikuwa wewe, na Senge atakuwa na la kuanzia.

Kuhusu magari. Mgonjwa wenu anahitaji kiti kizima cha nyuma, mlango wa nyuma unaofunguka sana, na kimo ambacho mtu anaketi tu, bila kupanda wala kudidimia. Hilo linaweza kuwa Forester, linaweza pia kuwa Outlander yako kwa safu yake ya katikati, na wewe hutalijua kwa kukaa ndani ukitazama visogo vya wauzaji. Mchukue baba yako na goti lake kutoka Endebess, mpeleke yadi, afungue mlango wa nyuma wa kila moja, aingie, anyooshe mguu, atoke. Usimshike. Lile atakaloingia na kutoka bila kuguna, nunueni hilo, hata kama litamfurahisha Derrick.

Lakini Derrick asikanyage yadi kabla hujamwambia. Usimngoje Jumamosi, na usianze na viti. Piga simu leo jioni umwambie, "Baba amekuwa akikosa kliniki tangu Januari. Nilijua, nikakuambia tulienda." Usimtaje mama yake, hilo ni lake kulisema. Halafu nyamaza, umwache akasirike mpaka amalize, na akiuliza Ijumaa hii itakuwaje, uwe tayari na jina la dereva.