Kiungo Ambacho Hukukipapasa

Baba,

Nimefika nyumbani Amukura umeshazikwa. Simu ilinikuta chuoni Uingereza, na hadi nilipopata ndege, watu hawangeweza kuendelea kuningoja. Siwalaumu. Udongo wako bado haujashikana. Nimeketi kando yake nikuandikie yale niliyotaka kukueleza kwa mdomo.

Unakumbuka macho yako yalivyokuwasha ukirudi kutoka Malaba? Kutwa nzima ulichomelea chesi, zile fremu za chini, za malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda, na jioni Mama alikuwekea vipande vya viazi vibichi juu ya kope. Kisha ukungu ukaingia machoni, mshono wa chuma ukakupotea, ukaacha kazi, nami nikawa nakushika mkono njiani. Ulisema tu, "Moto umechukua haki yake." Mimi nilitoka nje nikalia.

Sasa sikia. Kule nimekuta njia changa ya kuunga metali bila ule mwanga uliokula macho yako. Pini ngumu inazungushwa kwa kasi, inakandamizwa pale vipande viwili vinapokutana, kisha inatembezwa polepole. Metali haiyeyuki. Inalainika kwa joto la msuguano, inakorogwa kama ugali unaoanza kushika mwiko, hadi viwili vinakuwa kimoja. Nilisimama pale nikatazama, Baba, na macho hayakuniuma.

Nilipewa titaniamu, metali nyepesi ya kuundia ndege. Ilinitesa. Ilitafuna pini zetu. Ikipata joto kali lazima uikinge na hewa kwa gesi, la sivyo inakuwa kavu na kupasuka. Tukizungusha kwa kasi mno, chembe zake za ndani zinanenepa na kiungo kinakatika upesi. Tukipunguza mno, haikorogeki vizuri, panabaki tundu ndani ambalo kwa nje hulioni. Nilitaka kurudi nyumbani, sema tu niliona haya kukuambia.

Halafu siku moja tukaipata kasi yake. Kwenye hadubini, chembe za kiungo zilikuwa ndogo, zimebanana. Mashine ya kupima nguvu ikavuta kipande changu hadi kikakatika, lakini pembeni, kwenye metali yenyewe. Kiungo kilibaki kizima. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nawaza jinsi nitakavyokuletea ukipapase kwa vidole.

Wiki hiyo hiyo simu ikaja.

Karakana sasa anayo baba mdogo Ekisa. Jana nilimkuta akichomelea lango amevaa miwani ya jua. Nilimshika mkono nikamwambia sina nguvu ya kuongoza kipofu mwingine. Aliivua miwani, akaenda kuitafuta ile kofia yako ya kioo cheusi.

Nilikuwa nimeamua kubaki na Mama. Nilipomwambia, hakuacha kupepeta mtama. Alisema, "Baba yako hahitaji mlinzi. Nenda umalize." Akageuka upande mwingine, na mimi sikumtazama usoni.

Basi nitakwenda, na nitarudi. Siwezi kukudanganya kwamba njia hii itafika Malaba upesi; mashine yake haiingii hata mlangoni mwa karakana. Lakini nakuahidi hili: hakuna atakayejifunza kuchomelea mikononi mwangu kabla sijayafunika macho yake kwa kioo cheusi.

Pumzika, Baba. Umechoka.

Binti yako,
Amoit