Kisahani cha Mama

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na mgongo wako umeacha kukusumbua. Sisi huku ni wazima, ila mimi nimechoka hadi uchovu wenyewe umenizoea.

Uliniuliza habari za Mama. Tangu koo lake ligome kumeza, chakula chake kinapita kwenye mrija ulioingizwa tumboni, na kwa nje mrija huo unashikiliwa na kisahani cha plastiki. Chini ya kisahani ndipo palipokuwa na balaa: ngozi nyekundu, mbichi, inayotoa majimaji. Kila aliyekuja kumtazama alikikaza kidogo ili pasivuje. Shangazi alikikaza, jirani alikikaza, nami nilikikaza nikijiona mjuzi, mimi ninayetengeneza vifaa hivyohivyo kiwandani. Muuguzi alipofika alituambia kwa upole kwamba tunamnyonga mgonjwa tumboni.

Basi nikapeleka aibu yangu kazini. Fundi mkuu, yule tunayemwita Bwana Polepole, alinicheka kwanza, kisha akanipa kona ya karakana nijaribu kutengeneza kisahani kingine. Vya mwanzo viliharibika, vingine vikawa vigumu kama kwato. Mwishowe tukapata kimoja laini, chenye vijiguu vinavyokiinua ili ngozi ipate hewa, na kinachogoma kukazwa kupita kiasi hata na Shangazi. Daktari alikikagua akaridhia, Mama akawekewa. Haba na haba hujaza kibaba. Ngozi ilikauka, ikafunga, ikarudia rangi yake. Nililia kwa furaha, kaka, sikufichi.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Juzi nilipokuwa namsafisha nilimtania kwamba amerudi kuwa na ngozi ya msichana. Akanishika mkono. Sauti yake unajua ilivyofifia, lakini hili alilisema vizuri kabisa: "Mwanangu, kidonda kilikuwa kinapiga kelele, hata sikuweza kujisikia. Sasa kimenyamaza. Mrija huu siutaki tena."

Nilimwambia atakufa. Akasema anajua, wala hana kinyongo na mtu, amechoka tu. Daktari amezungumza naye peke yake, akasema akili yake ni timamu na uamuzi ni wake. Shangazi ananishinikiza nimkatalie. Siwezi. Nimemkubalia, kaka, na inaniuma.

Ameomba jambo moja, akuone kwanza. Kwa hiyo njoo, na usichelewe. Wasalimie wifi na watoto. Uji ninaompitishia mrijani siku hizi anaupokea kwa ajili yako tu.

Ni mimi,
Mdogo wako