Mchungaji Amepata Daktari Buffalo

Bibi yangu,

Huko uliko nadhani hakuna theluji, na kwa hilo nakuonea wivu kidogo. Hapa Cheektowaga, pembeni mwa Buffalo, imeanguka tangu alfajiri na bado haijachoka. Mchungaji amejilaza chini ya meza, miguu ya nyuma ameinyoosha kama mtu aliyepokea mshahara. Jana amepata daktari mpya, na bima yake imehamia Buffalo pamoja naye. Nimeona nikuandikie wewe kwanza, maana maswali yote niliyouliza yalikuwa yako.

Wasiotujua watashangaa ni mchungaji gani anayetibiwa na daktari wa wanyama. Acha waisome habari yetu, nikikosea mahali utanisamehe.

Tulikuwa tumehama Louisville kwenda Columbus, kwenye zile apatimenti za Whitehall. Mama alikuwa anafanya kazi ghalani na mimi namalizia sekondari. Familia iliyokaa juu yetu ilihama, ikaacha kizimba kando ya pipa la takataka. Ndani yake alikuwamo sungura mweusi mwenye duara jeupe shingoni. Nikampandisha nyumbani. Ulimtazama, ukampapasa mgongo kupima nyama, kisha ukaniuliza, "Huyu ni wa Jumapili hii, au tungoje Krismasi?"

Nikakueleza kwamba huku sungura hufugwa ndani kama paka.

"Paka anakamata panya," ulisema. "Huyu anakamata nini?"

Jumapili ikapita, na Krismasi nayo ikapita. Mimi nilishinda shuleni na Mama kazini, kwa hiyo aliyebaki na wewe mchana kutwa ni huyo sungura. Siku moja nilirudi nikakukuta unamsomea Zaburi kwa sauti, na yeye ametulia mguuni pako. Ukaniambia anasikiliza kuliko waumini wengi. Kwa ile kola yake nyeupe ukamwita Mchungaji, na jina likakaa.

Jicho lake la kushoto lilipoanza kutoa machozi, tulikwenda kwa daktari wa karibu, mtu mpole mwenye picha za mbwa ukutani. Alituambia ukweli: mbwa na paka anawajua, sungura huletewa mara chache. Nilidhani utakasirika. Ukasema, "Mshukuru. Mtu anayejua mwisho wa elimu yake ni mtu wa kuheshimiwa. Sasa tutafute mwingine."

Tukaanza kupiga simu. Mimi nilishika simu, wewe ulikaa ubavuni kwangu na khanga yako mabegani, ukinipa maswali moja moja kama mtu anayepitisha matofali. Mwulize mara ya mwisho kumwona sungura ilikuwa lini. Mwulize kama amewahi kumpasua sungura, na huyo sungura akaamka. Mwulize, wakifunga mlango jioni, mgonjwa apelekwe wapi. Wahudumu wengine wa mapokezi walicheka. Mmoja hakucheka, alisema ngoja kidogo, akamwita daktari mwenyewe aje kwenye simu. Ulinigusa bega ukasema, "Hapo."

Alikuwa mama wa makamo, kliniki yake ng'ambo ya mtaa wa Northland, mbali na kwetu. Hakumweka Mchungaji mezani. Alitandika taulo sakafuni, akakaa chini, akamngoja mgonjwa aje mwenyewe. Alimtazama meno ya nyuma kwa taa ndogo, akamsikiliza tumbo, kisha akatuambia jicho ni mfereji wa machozi ulioziba. Halafu akaongeza kwamba Mchungaji ni jike.

Ulicheka mpaka ukaegemea ukuta. "Kanisani kwetu wanabishana miaka yote kama mwanamke anaweza kuwa mchungaji," ulisema. "Kumbe nyumbani kwangu ameshaanza kuhubiri." Nilipomtafsiria daktari alicheka hadi akavua miwani.

Lakini hakutuachia hivihivi. Aliuliza anakula nini, ukamtajia kwa fahari: mkate, karoti, ugali uliopoa. Akatikisa kichwa. Alisema sungura ni mnyama wa majani makavu. Wanga unamharibu tumbo, na karoti kwake ni kama peremende. Nilitafsiri kwa woga, maana nilijua usivyopenda kusahihishwa jikoni. Ukasema, "Nimekuwa nikimlisha kama mgeni. Kesho atakula kama sungura."

Akatushauri tumtoe kizazi, kwa sababu majike wengi wakizeeka hupata uvimbe humo. Ukamuuliza, "Akifia mezani?"

"Inaweza kutokea," alijibu. "Kwangu haitokei mara nyingi, lakini siwezi kukuahidi."

Ukaniambia kwa sauti ya chini, "Angeniahidi ningeondoka." Mchungaji akapasuliwa, na jioni yake akaamka na kutazama watu kwa dharau.

Daktari huyohuyo ndiye aliyetutajia bima. Mama aliposikia aliweka kijiko chini. "Mimi kazini bado sijapewa bima," alisema, "sungura ndiye awe nayo?"

"Basi mmoja wenu aanze," ulimjibu, ukaendelea kula.

Wewe ulilielewa jambo lile upesi kuliko sisi. Ulisema ni kama kile chama chenu cha kuzikana kule kambi ya wakimbizi Kigoma: kila mmoja anatoa kidogo, siku ya mmoja inapofika wote wanabeba. "Tofauti yake, hawa hawatakuja kulia nawe." Kampuni nyingi tulizopigia zilikuwa za mbwa na paka tu. Tulipopata moja inayopokea sungura, yule dada wa kwenye simu alianza kunisomea mazuri yote. Ukanifinya mkono. "Mwulize wasicholipa ni nini. Wanacholipa watakusimulia wenyewe."

Ndipo tukajua kwamba ugonjwa uliokuwapo kabla ya bima hawaulipi. Tukajua pia kwamba sisi ndio tunaomlipa daktari kwanza, kisha wao wanarudisha sehemu. Akaniuliza kama mnyama ana tatizo lolote. Nilisita, Bibi, uliniona. Lile jicho lilikuwa limeshapona kabisa. Ulitaka kujua nimeulizwa nini, nikakwambia.

"Sema jicho," uliniamuru. "Wakikuta tumeficha moja, hawatatuamini kwa mengine."

Nikasema jicho. Wakalitoa jicho katika bima, yaliyobaki wakayapokea.

Majira ya baridi yaliyofuata ndipo uliponipigia simu nikiwa chuoni. Mchungaji alikuwa amekataa majani, amejikunja pembeni, na tangu kuamka hakuwa ameacha kinyesi hata chembe. Nilimpigia daktari, akasema tusingoje, tumlete sasa hivi. Nikaja kuwachukua kwa gari, nawe ukambeba ndani ya koti lako njia nzima. Nilitegemea utaomba kwa sauti kama kawaida yako, lakini hukusema neno, na macho yako hayakuwa kwenye barabara wala kwa sungura. Yalikuwa mbali.

Kule kliniki walimpasha joto, wakamtia maji chini ya ngozi, wakampa dawa ya maumivu na chakula laini mdomoni kwa bomba la sindano. Daktari alitueleza kwamba tumbo la sungura likisimama, gesi hujaa, naye hufa upesi asipotibiwa. Ukashika mkono wa daktari.

"Mwulize," uliniambia, "tumbo linakuwa gumu kama ngoma?"

"Ndiyo," daktari alisema.

"Na wanaweza kufuatana, leo huyu, kesho yule?"

Akauliza hao walikuwa wakila nini. Ukamwambia: unga wa mahindi wa mgao, na majani mabichi yenye umande. Alifikiri kidogo. Alisema hakuwaona, hawezi kuapa, ila chakula kile peke yake kinatosha kuua banda zima.

Nilianza kuelewa hapo. Tangu utoto wangu nilijua kwamba wewe na Mama Adela hamsemezani. Louisville tulisali kanisa moja, wewe ukakaa upande wa kulia na yeye wa kushoto, na watoto wa pande zote mbili tulijua tusiulize. Siku niliyothubutu ulinijibu maneno mawili: "Aliniulia sungura." Kambini mlikuwa majirani, mkichota maji pamoja. Siku moja akasimama bandani kwako akasema sungura wako wamenenepa, na baada ya hapo wakaanza kufa, matumbo yamevimba. Ukasema ni jicho lake la husuda. Ukalisema mbele ya watu.

Pale kliniki ulikaa kwenye kiti cha plastiki, koti lina manyoya meusi kifuani, ukasema polepole, "Basi Mama Adela hakuniroga."

Mchungaji alianza kutafuna siku iliyofuata. Bima ilisoma maelezo ya daktari, haikukuta tulichoficha, ikarudisha kama ilivyoahidi. Lakini wewe hukulifurahia hilo sana, kwa sababu ulikuwa ukizunguka simu kama mtu anayezunguka mbwa asiyemjua. Mwishowe uliniambia nipige Louisville.

Nilikuwa nimekaa kando yako, na simu ilikuwa na sauti ya juu, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mama Adela, ni mimi."

Ulivuta kiti ukakaa.

"Wale sungura walikufa kwa unga."

"Unga gani?"

"Ule wa mgao. Daktari amenieleza. Nilikusingizia, dada yangu. Nisamehe."

Tukasikia mlango ukifungwa kwake. Halafu akasema, "Mimi nilijua sikuwaua. Nilikuwa nangoja na wewe ujue."

Mlilia, kila mmoja kwenye ncha yake ya simu, na mimi nikaenda kuosha vyombo visivyohitaji kuoshwa. Jumamosi yake nilikupeleka Louisville. Mama Adela alikupikia maharage na ndizi, akakuwekea kiti chake mwenyewe. Mkazungumza mpaka mkasahau kwamba nipo, mkitaja watu waliokwisha kufa kana kwamba wako chumba cha pili. Kesho yake kanisani mliingia pamoja, na watu wakageuza shingo.

Ulipotutoka, Bibi, Mama Adela alikuja Columbus kuzika, kwa basi, peke yake. Hakuuliza akae wapi. Alikaa kiti cha mbele, kati ya Mama na mimi, akaanzisha wimbo, sisi tukaufuata. Nimefikiria mara nyingi tungemzika nani siku ile kama Mchungaji asingeugua. Tungekuzika wewe na ule uchungu wako pamoja.

Nilipopata kazi ya maabara hospitalini huku Buffalo, Mama alisema tumtafutie sungura watu wengine, kwa kuwa ni mzee na safari ni ndefu. Nilikataa bila kupaza sauti. Kabla sijafunga mizigo nilipiga simu kwa kampuni ya bima, nikauliza kama inafika jimbo la New York, na nikikatiza nikaanza upya watayaona yale ya zamani kama magonjwa ya kale. Wakasema ndiyo, wangeyaona hivyo. Kwa hiyo sikukatiza. Nilipofika nikapiga simu kliniki moja baada ya nyingine na maswali yako yaleyale, kwa Kiingereza changu mwenyewe, na sikusita hata mahali pamoja. Zamani nilikuwa nikitafsiri huku nikipunguza makali yako. Siku hizi siyapunguzi.

Daktari wa huku ni mwanamume mrefu, mkono wake mwepesi. Amemkuta Mchungaji na ukungu machoni na maumivu ya viungo, mambo ya umri. Hakunidanganya kwamba kuna miaka mingi mbele. Amenionyesha jinsi ya kumtandikia na dawa ya kumpa. Tutaenda hivyo, na siku yake ikifika nitajua la kufanya.

Niliporudi nilimpigia Mama Adela, ambaye mpaka leo hapendi kabisa kushika sungura.

"Anakula?" aliuliza.

"Anakula."

"Kinyesi anaacha?"

"Anaacha, Bibi." Nimeanza kumwita hivyo, sidhani utanuna.

"Basi huyo mzima," alisema. "Na wewe huko, unakula?"

Nilicheka, naye akaningoja. Nikamwambia ukweli, kwamba nakula ovyo, nikiwa nimesimama. Akaniambia niwashe jiko palepale, asikie. Nikaliwasha, Bibi. Alibaki kwenye simu mpaka ugali ukaiva.

Pumzika vema, mama wa mama yangu. Huku tumeangaliwa.

Mjukuu wako wa kwanza