Nimeuvunja Ukuta wa Jiko Lako

Mama,

Nimeuvunja ukuta wa jiko lako. Kwa mkono wangu, kwa nyundo ya kuazima, na mjukuu wako mgongoni, huyu niliyempa jina lako. Usikasirike kabla hujanisikia.

Siku uliyotutoka, jeneza halikuingia uchochoroni. Wakakutoa kwa mkeka, ubavu ubavu kama godoro, hadi kwenye barabara ya malori. Wewe, uliyekuwa hutoki nje mpaka buibui lipigwe pasi! Wallahi, njia ile sijaisamehe.

Sasa mtaa wapangwa upya, na wanaoupanga ni sisi wenyewe wakaazi: mabomba, mtaro, vyoo, njia. Mkutanoni mwenyekiti wa kamati akatandaza ramani. Uchochoro wetu umeachwa vile vile, upana wa mkokoteni. Nikasimama, mimi niliyeishia darasa la sita, nikasema hautoshi. Bi Mwanahamisi wa nyumba ya mbele akacheka: "Keti, mwanangu. Juzi tu wanyonya, leo watupangia mji?"

Sikuketi. Kesho yake nikaenda msikitini kuazima jeneza. Watu wakaja mbio: "Nani tena?" Hakuna, nikawaambia. Nataka wanaume wanne wapite nalo tupu, kamati ione.

Wakapita, wakapita, likagonga. Mama... liligonga jiko lako. Ukuta ule ule uliousogeza nje nikiwa mdogo, ukisema, "Hatua mbili tu, nani ataona?" Kumbe ndio uliokuzuia. Uso ulinishuka. Bi Mwanahamisi hakunihurumia: "Haya, bibi mipango! Anzia kwako."

Nikaanzia kwangu. Masizi ya miaka yako yote yakanijaa kucha, nikalia huku napiga. Tofali la mwisho halijaanguka, nikamwona Bi Mwanahamisi na karai lake, aokota vifusi. Hakuomba radhi, wamjua. Alisema tu, "Na baraza yangu ipigeni chaki, ivunjwe." Jioni mwenyekiti akaichora ramani upya, na upana mpya wa njia ukapigwa mstari wa chaki chini.

Mafiga yako nimeyaingiza chumbani, karibu na kitanda. Macho yakinitoka machozi, nasingizia moshi.

Lala, mamangu. Hapa kwetu hatatolewa tena mtu kama godoro, nakuahidi. Na atakayekuja kuufuta ule mstari wa chaki atanikuta nimesimama juu yake, na jina lako mgongoni.

Mwanao