Koki Iliyofunguka Yenyewe

Dongobesh,
14 Agosti 2024

Kaka Modest,

Shikamoo. Mama hajambo, na ng'ombe wetu mweusi amezaa jike.

Kaka, jana mashine yangu ilikubali! Nilifukia vipima unyevu sita kwenye shamba la vitunguu, nikaviunganisha na kompyuta yenye akili bandia, nayo ndiyo inayofungua na kufunga koki ya maji. Kwa miezi mitatu Baba alishika udongo kila asubuhi, akasema, "Huu umeshiba," au, "Huu una kiu," nami nikaifundisha hivyohivyo. Jana saa nne koki ikafunguka bila mtu kuigusa. Nilirukaruka hadi viatu vikajaa tope. Baba akainama, akapapasa udongo. "Ni kweli," akasema, "ulikuwa na kiu."

Kuna jambo alinikataza kukuandikia. Tangu Pasaka macho yake hayaoni. Aliogopa utaacha kazi huko Mtwara urudi kulima. Lakini jana jioni akaniambia, "Sasa mwandikie. Mwambie shamba linaye Evaline."

Basi kazi usiache, ila Krismasi njoo. Anaulizia sauti yako.

Ni mimi mdogo wako, mwenye furaha na tope,
Evaline